Tabata miezi sita au Sinza miezi mitatu: mikataba miwili ya kupanga, meza moja

Mdogo wangu amepata kazi Mwenge. Wiki mbili alizunguka na madalali kila akitoka kazini, akatoa hela ya usumbufu elfu kumi hapa, elfu kumi pale, mwisho akabaki na nyumba mbili moyoni na mikataba miwili mkononi. Akanipigia usiku. "Dada, niambie nichukue ipi, dalali anasema kesho jioni kuna mtu anakuja na hela." Kila nyumba Dar es Salaam ina mtu anayekuja kesho jioni na hela. Nikamwambia asisaini kitu, aje Jumapili na karatasi zote mbili tuzilaze mezani.

Mimi si mwanasheria. Nimehama mara saba tu, na mojawapo niliondoka kwa dharura nikaiacha kodi ya miezi mitatu mikononi mwa mwenye nyumba ambaye mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, yeye kwa furaha zaidi. Mkataba ulikuwa na mstari mmoja chini kabisa niliousoma harakaharaka. Tangu siku hiyo mkataba wa nyumba nausoma kuanzia mwisho, yaani kwenye namna ya kutoka, halafu ndiyo napanda juu kwenye bei.

Ya Tabata Kimanga ni chumba na sebule, choo ndani, jiko limebanwa kwenye kona ya sebule. Iko uani kwa mama mmoja mtu mzima anayeishi nyumba ya mbele. Wapangaji wanne, geti moja, mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, moja. Mkataba wake ni ile fomu ya stationery, ukurasa mmoja na nusu, nafasi zimejazwa kwa kalamu ya bluu. Ya Sinza ni apatimenti ya chumba kimoja kwenye ghorofa, ina mita yake, kuna tenki la maji, mlinzi, na maegesho ya gari ambalo mdogo wangu hana. Mkataba kurasa saba, umechapwa, kila ukurasa una mahali pa kusaini chini. Mwenye nyumba haonekani. Anaonekana msimamizi.

Kwanza hesabu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamchanganya:

| | Tabata | Sinza |
|---|---|---|
| Kodi kwa mwezi | 250,000 | 350,000 |
| Inalipwa | miezi 6 kwa mkupuo | miezi 3 kwa mkupuo |
| Dhamana | hakuna | 350,000 |
| Mwezi wa dalali (ada yake, sawa na kodi ya mwezi mmoja) | 250,000 | 350,000 |
| Siku ya kuingia | 1,750,000 | 1,750,000 |
| Mchango wa huduma kwa mwezi | hakuna | 30,000 |
| Mwaka mzima, bila dhamana | 3,250,000 | 4,910,000 |

Angalia mstari wa siku ya kuingia. Nyumba mbili zenye bei tofauti kabisa zinatoa mfukoni shilingi ileile siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Mtu anasema "hela ni ileile, bora nikakae Sinza." Si ileile. Sinza inarudi kugonga mlango mwezi wa nne ikitaka 1,050,000. Tabata inarudi mwezi wa saba ikitaka 1,500,000. Kwa mtu wa mshahara maana yake ni kwamba Sinza lazima atenge 350,000 kila mwezi bila kukosa, na ile 30,000 ya huduma juu yake. Tabata atenge 250,000. Asiyetenga, mwezi wa malipo ukifika anaanza kukopa kazini.

Ila hesabu ya haki inaingiza nauli. Kutoka Kimanga hadi Mwenge anapanda gari mbili, 600 na 600, na kurudi hivyohivyo. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400 kwa mwezi, karibu 750,000 kwa mwaka. Sinza anaweza kwenda kwa miguu, mvua ikinyesha apande gari moja. Kwa hiyo tofauti ya kweli ya mwaka si 1,660,000. Inashuka hadi kama 910,000. Bado ni hela, lakini si ile aliyokuwa anaiogopa.

Tukageuza karatasi, tukaanza mwisho.

Mkataba wa Tabata, kifungu cha tisa, nanukuu kama kilivyo: "Mpangaji akiondoka kabla ya muda kodi haitarudishwa." Basi. Hakuna notisi, hakuna dharura, hakuna kutafuta mtu wa kumalizia muda. Huo ndio mstari ulionila mimi. Na mdogo wangu yuko kwenye miezi ya majaribio kazini. Wakimwambia mwezi wa tatu asirudi, mama ana kodi yake ya miezi mitatu na yeye ana chumba asichoweza kula.

Sinza wao wameandika vizuri: upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya siku 30. Nilitaka kufurahi. Kisha ukurasa wa sita: dhamana itarudishwa "baada ya ukaguzi wa nyumba na kukatwa gharama za matengenezo", na mpangaji atakabidhi nyumba "ikiwa imepakwa rangi upya". Itarudishwa lini? Haikuandikwa. Nani atafanya ukaguzi? Msimamizi peke yake. Rangi ya aina gani, fundi wa nani? Kimya. Dhamana ya namna hii ihesabu kama hela iliyokwenda, ikirudi ushukuru. Inayorudi kweli huwa imeandikwa siku, tuseme ndani ya siku 14 tangu kukabidhi funguo, na inaambatana na orodha ya hali ya nyumba iliyosainiwa na pande zote siku ya kuingia: kitasa cha chooni kimelegea, kioo cha dirisha la sebuleni kina ufa, bomba la jikoni linavuja. Ukikosa orodha, piga video ukiwa unatembea chumba kwa chumba, itume kwa WhatsApp ya mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki.

Kwenye kutoka basi, Sinza inashinda kwa mlango na kupoteza kwenye dhamana. Tabata haina dhamana ya kubishania, lakini haina mlango.

Umeme sasa, maana ndiyo ugomvi wa nyumba za uani. Mita moja kwa watu watano pamoja na mama. Mkataba unasema "umeme watachangia", na hapo kila mtu ana tafsiri yake. Kuna mwenye pasi, kuna mwenye friji, kuna dada wa chumba cha mwisho anayegandisha barafu za kuuza. Halafu kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawaliulizi: mita iko kundi gani. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1, uniti moja shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Akiwa kundi la kawaida, T1, uniti ni 292. Mita inayolisha familia moja na vyumba vinne haiwezi kukaa ndani ya uniti 75, kwa hiyo mtu anayewasha taa mbili na kuchaji simu ananunua umeme kwa bei ya mwenye friji. Si kosa la mama. Ndivyo mita ya pamoja ilivyo. Dawa ni mita ndogo ya kuhesabia ya kila chumba, na ikishindikana basi kiasi kiandikwe kwa shilingi ndani ya mkataba.

Sinza mita ni yake. Faida kubwa, ila ina mdudu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kwa viwango vya tangu 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, ghorofa la mjini 7,500 kwa kila sakafu. Kwa sheria hiyo kodi ni ya mwenye jengo. Kwa mashine, inamkata anayenunua umeme. Mkataba wa kurasa saba umetaja hadi mahali pa kuanika nguo, lakini kodi ya jengo haukuitaja. Anayekatwa 7,500 kila mwezi anafikisha 90,000 kwa mwaka. Ombi la kawaida kabisa ni kuandika kwamba makato ya kodi ya jengo yatapunguzwa kwenye kodi ya pango kwa kuonyesha ujumbe wa LUKU. Ni mstari mmoja tu, na kuuomba si ubishi.

Maji nitapita haraka. Kote kuna DAWASA, kote kuna siku hayatoki. Unachotaka kabla ya kusaini ni kuona bili ya mwisho iliyolipwa, maana deni la aliyehama linabaki kwenye mita na wanaokuja kukata hawaulizi nani alioga. Tabata tukauliza na la choo: shimo likijaa, gari la kunyonya analipa nani? Mama akasema wanachanga. Sinza limo kwenye ile 30,000, ambayo mkataba unasema "inaweza kubadilika kulingana na hali". Hali ya nani, hawakusema.

Masika pia usiyasahau kwa kuwa umekwenda kuangalia nyumba mwezi wa tisa jua linawaka. Sinza ina Mto Ng'ombe karibu, na Tabata ina mabonde yake. Angalia ukutani chini, nyuma ya mlango na nje kwenye ukuta wa fensi: mstari wa maji unaonekana hata ukipakwa rangi, rangi ya chini inakuwa mpya kuliko ya juu. Kama hukuuona, muulize muuza genge wa pale nje. Yeye hana mwezi wa dalali wa kupata.

Kupanda kwa kodi. Mkataba wa Tabata haujasema kitu. Wa Sinza umesema asilimia 10 kila baada ya mwaka, yaani 385,000 mwaka wa pili. Watu huona mkataba uliokaa kimya ndio mzuri kwa kuwa haukutisha. Mimi naona kinyume. Hatuna tena sheria inayoweka ukomo wa kodi ya nyumba. Ile ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni maelewano. Mkataba uliokaa kimya unaisha mwezi wa sita, na mwezi wa saba mama anaruhusiwa kusema 300,000. Wenzetu Wakenya bado wana baraza lao la kodi za nyumba, ila ulinzi wake umesimama kwenye nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na Nairobi ya leo sijui utaipata wapi. Walichotuzidi ni desturi: kule mtu analipa mwezi kwa mwezi, akiwa ametanguliza dhamana. Huku mshahara unakuja kwa mwezi, kodi inadaiwa kwa nusu mwaka.

Halafu kuna anayesaini.

Tabata anayesaini ni mama mwenyewe. Mdogo wangu akaona ni dhahiri. Nikamwuliza, umejuaje kuwa nyumba ni yake? Kwa sababu anaishi humo? Nyumba ngapi Dar ni za mirathi, baba amefariki, watoto sita hawajagawana, mmoja anapangisha, mwingine anatokea Morogoro na kufuli mkononi? Si lazima uombe hati kama polisi. Unasema tu, "Mama, naomba nione karatasi ya nyumba niandike namba yake kwenye mkataba." Hati, leseni ya makazi, au hata mkataba wa mauziano wa zamani wenye mhuri. Mama alileta leseni ya makazi kwenye bahasha ya kaki, jina lake, na akafurahi kuulizwa. Majirani na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndio ushahidi wa pili.

Sinza anayesaini ni msimamizi, "kwa niaba ya mmiliki". Hapo usiwe mpole. Omba barua au hati ya mwenye nyumba inayompa mamlaka ya kupangisha na kupokea kodi, na hela iingie kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Tuliyopewa ni namba ya simu ya msimamizi. "Tuma tu humo, nitakuandikia risiti." Hapana. Uliza pia kama jengo liko rehani benki, kwa maana benki ikija kuuza, mpangaji aliyelipa mbele ndiye wa mwisho kusikilizwa.

Mhuri wa serikali ya mtaa na shahidi mmoja kila upande vinatosha kwa nyumba ya kawaida; wakili ni vizuri zaidi kama hela ni nyingi. Mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo sheria ya ardhi inautambua hata ukiwa wa mdomo, lakini mdomo ukipotea hauna nakala. Ukifika mahali pa kubishana kisheria kuna kitu kinaitwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe. Ngazi ya kwanza ni Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu bila kuhukumu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa kodi ya miezi mitatu ya chumba na sebule, nauli na siku za kazi zitakula nusu ya unachodai. Ndiyo maana naweka nguvu zote kabla ya saini.

Mambo madogo yaliyobaki yanategemea wewe ni mtu wa namna gani. Tabata geti linafungwa saa nne usiku na mgeni wa kulala zaidi ya siku tatu anatolewa taarifa. Anayetoka kazini usiku, au mwenye ndugu wanaokuja kutibiwa Muhimbili na kukaa wiki mbili, hapo pana kesi kila mwezi, na ningemwambia achukue Sinza hata kwa dhamana ile mbovu. Hali kadhalika mwenye friji mbili na biashara ya juisi: mita yako mwenyewe ni amani. Ambaye ajira yake ni ya uhakika na anajua atakaa miaka miwili, kifungu cha tisa cha mama hakimtishi sana. Mdogo wangu si yeyote kati ya hao. Analala mapema, hana friji, na ajira yake ina miezi mitano.

Kwa hiyo tuliandika mistari michache na kuipeleka kote kuwili. Sinza tuliomba siku za kurudisha dhamana, kodi ya jengo, na akaunti ya mwenye nyumba. Jibu lilikuja kwa WhatsApp: "Mkataba ni mmoja kwa wapangaji wote kaka hatubadilishi." Dalali akaongeza kwamba kuna mtu kesho jioni.

Tabata tulikwenda wenyewe, Jumatano, tukamkuta mama anachambua mchele barazani. Mdogo wangu akaamkia, akamsomea mama kifungu cha tisa, akaomba kodi ilipwe ya miezi mitatu badala ya sita. Mama akatikisa kichwa. "Mwanangu, hela ya miezi sita nimeshaipangia bati la nyuma." Ukweli usiofichwa unanisaidia kuliko kurasa saba. Tukaacha sita. Tukaomba kitu kingine: akiondoka kwa notisi ya mwezi mmoja, chumba kitafutiwe mpangaji, na akipatikana, kodi ya miezi iliyobaki irudi. Mama alifikiri kidogo, akauliza, "Na asipopatikana?" Asipopatikana, hairudi. Akakubali. Kifungu cha tisa kikakatwa kwa mstari mmoja, kipya kikaandikwa pembeni kwa kalamu ileile ya bluu, yeye akasaini pembeni yake, mdogo wangu naye akasaini, kwenye nakala zote mbili. Saini ya pembeni usiisahau; maneno yaliyoongezwa bila saini kila mtu anaweza kusema yaliongezwa baadaye. Kodi haitapanda kabla ya mwaka kuisha, nalo likaandikwa.

Kwenye umeme mama aligoma. Mita ndogo hataki, mafundi walishamwunguzia soketi. Tukakubaliana kwa shilingi: taa, simu, televisheni na pasi, 15,000 kwa mwezi. Akija na friji, 30,000, na aseme siku hiyohiyo linapoingia getini.

Jumamosi alihamia kwa kirikuu kimoja, godoro juu ya makochi. Mama alisimama getini akihesabu vitu vinavyoshushwa, na ameshaniuliza mara mbili kwenye simu kama lile boksi jeupe lilikuwa kabati kweli.